Nukta katika Jiwe la Sambor: Lugha za Wenyeji na Utafutaji wa Asili ya Sifuri

1. Utangulizi

Miongoni mwa tarakimu kumi zinazotumiwa leo karibu ulimwenguni kote, sifuri ndiyo iliyozua ubishi mkubwa kupita zote. Tarakimu nyingine tisa zahesabu vitu vilivyopo. Sifuri yaonyesha kwamba hapana kitu. Hata hivyo, ni hiyo isiyo na kitu inayoziwezesha zile tisa kufanya kazi yake. Pasipo sifuri, 65, 605 na 650 haziwezi kupambanuliwa katika maandishi ila kwa kuacha mapengo, au kwa kuongeza maneno, au kwa kumwachia msomaji akisie. Kwa sababu hiyo, swali la nani aliyeiandika kwanza, na wapi, limewashughulisha wanahistoria wa hisabati kwa zaidi ya karne moja.

Makala haya yanalitazama swali hilo kwa upande ambao aghalabu huachwa nyuma, nao ni upande wa lugha. Inajulikana kwamba mjadala uligeuzwa na maandishi machache ya mawe ya karne ya 7 yaliyopatikana Asia ya Kusini-Mashariki. Lisilotajwa mara nyingi ni kwamba mawe hayo hayakuandikwa kwa Kisanskriti, lugha iliyoheshimiwa ya dini na ya elimu, bali kwa lugha za wenyeji: Kikhmer cha kale na Kimalei cha kale. Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Lina sababu zake katika matumizi ya lugha, na sababu hizo zina mafunzo kwa kila anayechunguza lugha ambazo kwa muda mrefu zilidhaniwa kuwa hazina la kusema katika historia ya elimu.

2. Sifuri ni ipi?

Kabla ya kuuliza asili ya sifuri, yafaa kuzipambanua maana tatu ambazo huchanganywa. Ya kwanza ni alama ya kushika nafasi tupu katika namba. Ya pili ni tarakimu kamili, yenye umbo lake na nafasi yake sawa na wenzake tisa. Ya tatu ni namba hasa, ambayo yaweza kujumlishwa, kutolewa na kuzidishwa.

Waandishi wa Mesopotamia walihesabu kwa msingi wa sitini. Kwa muda mrefu waliacha pengo mahali pasipokuwa na kitu; katika karne za mwisho kabla ya Kristo wakaanza kuweka alama ya vikabari viwili vilivyolazwa upande. Alama hiyo iliwekwa katikati ya namba, lakini mwishoni kwa kawaida haikuwekwa, hata ikambidi msomaji ajue kwa muktadha kama aliyoiona ni moja au ni sitini. Hiyo ni sifuri ya maana ya kwanza tu.

Huko Amerika ya Kati, Wamaya na jirani zao walikuwa na kalenda iliyohesabu siku kwa vyeo vinavyopandana, karibu vyote kwa msingi wa ishirini. Mawe mawili ya Uaxactun, katika nchi ya Guatemala, yenye tarehe inayolingana na mwaka 357 B.K., yana alama za sifuri zilizochongwa wazi. Mawe hayo yalitangulia jiwe la Kamboja litakaloelezwa hapa kwa zaidi ya miaka mia tatu. Lakini sifuri ya Wamaya haikuzaa tarakimu zinazotumiwa leo. Ilizaliwa pekee yake, na ilipozimwa elimu ya makuhani wa Kimaya nayo ikazimika pamoja nayo.

Sifuri ya maana ya tatu inaonekana wazi katika kazi ya Brahmagupta, mtaalamu wa nyota wa Bara Hindi, ambaye katika mwaka 628 alitunga kanuni za kujumlisha, kutoa na kuzidisha kwa sifuri, ingawa kanuni yake kwamba sifuri ikigawanywa kwa sifuri ni sifuri haikubaliki leo.

Basi asemaye "sifuri ya kwanza" hana budi kueleza kwanza ni sifuri gani. Sehemu zinazofuata zinahusu hasa maana ya pili: sifuri iliyo tarakimu, katika ukoo ule wa tarakimu uliotoka Bara Hindi ukafika kwa Waarabu, kisha Ulaya, na hatimaye kila mahali.

3. Ubishi wa mwanzo wa karne ya 20

Kwa muda mrefu jiwe lililotajwa sana lilikuwa lile la hekalu la Chaturbhuj, mjini Gwalior. Lina tarehe ya mwaka 933 wa kalenda ya Vikrama, yaani 876 B.K. Maandishi yake yaeleza zawadi zilizotolewa kwa hekalu: bustani ya maua yenye urefu wa dhiraa 270 na upana wa dhiraa 187, na mashada 50 ya maua ya kutolewa kila siku. Katika 270 na 50 sifuri imechongwa kama kiduara kidogo, na mtu yeyote wa leo aweza kuitambua bila ya kufundishwa.

Tatizo lilikuwa katika tarehe. Kufikia mwaka 876 wanazuoni wa Baghdad walikuwa wamekwisha kuzitumia tarakimu hizo. Al-Khwarizmi aliandika kitabu juu yake yapata mwaka 825. Mwingereza G. R. Kaye, aliyefanya kazi yake Bara Hindi mwanzoni mwa karne ya 20, alishikilia kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutegemewa wa mfumo huo Bara Hindi kabla ya karne ya 9. Hati za shaba zilizodaiwa kuwa za zamani zaidi alizikataa kwa kuzishuku kuwa za kughushiwa. Katika hilo tahadhari yake ilikuwa na msingi, kwani hati za shaba zilikuwa hati za kumilikisha ardhi, na mwenye tamaa ya ardhi hakosi sababu ya kubuni hati ya babu yake. Lakini Kaye alivuka mpaka wa tahadhari. Kutokana na kukosekana kwa ushahidi alihitimisha kwamba mfumo huo ulitoka nje, ama kwa Waarabu ama kwa Wayunani.

Hitimisho hilo lilipingana na ushuhuda wa wale wale waliodaiwa kuwa walimu. Waarabu wenyewe waliiita elimu hiyo hisabu ya Kihindi. Na kabla yao, mnamo mwaka 662, Severus Sebokht, askofu na mtaalamu wa nyota wa Syria, alikwisha kuisifu hesabu ya Wahindi inayofanywa kwa alama tisa. Shabaha yake katika kuandika hivyo ni ya kuzingatiwa: aliandika kwa Kisiria dhidi ya watu waliodhani kwamba wamefika mwisho wa elimu kwa sababu tu wasema Kiyunani. Ushuhuda huo ni mzito, lakini una upungufu mmoja. Sebokht alizitaja alama tisa, wala hakuitaja ya kumi.

4. Jiwe la Sambor na hoja ya Coedès

Mwaka 1891 Adhémard Leclère, mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Ufaransa, alipata jiwe lenye maandishi katika magofu ya Sambor, kando ya mto Mekong katika Kamboja. Jiwe hilo liliingizwa katika orodha ya maandishi ya Kikhmer kwa alama K-127. Aliyeutambua uzito wake katika historia ya tarakimu ni George Coedès, bingwa wa maandishi ya kale ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambaye tangu mwaka 1929 alikuwa mkuu wa taasisi ya Kifaransa ya taaluma za Mashariki ya Mbali mjini Hanoi. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1931, Coedès alionyesha kwamba jiwe hilo lina tarehe ya mwaka 605 wa kalenda ya Saka, nayo tarehe imeandikwa kwa tarakimu. Kati ya sita na tano ipo nukta. Kalenda ya Saka huanza mwaka 78 B.K., hivyo 605 ni sawa na mwaka 683.

Jiwe la Sambor halikuwa peke yake. Karibu na Palembang, katika kisiwa cha Sumatra, mwaka 1920 yalipatikana maandishi ya Kedukan Bukit na ya Talang Tuwo. Na katika kisiwa cha Bangka yalikuwa yamepatikana ya Kota Kapur mwaka 1892. Yote ni ya dola ya Srivijaya, na yote yameandikwa kwa Kimalei cha kale, jamaa wa mbali wa Kimalagasi kinachosemwa Bukini. Tarehe ya Kedukan Bukit imesomwa na baadhi ya wataalamu kuwa 605 na na wengine kuwa 604, lakini katika usomaji wowote sifuri imo katikati. Talang Tuwo ni ya mwaka 606 wa Saka, na Kota Kapur ni ya 608. Huko visiwani sifuri si nukta bali ni kiduara.

Uzito wa tarehe hizo waonekana mara zinapolinganishwa na historia ya Waarabu. Mwaka 683 mji wa Baghdad ulikuwa haujajengwa. Uliasisiwa mwaka 762. Kitabu cha Al-Khwarizmi kilikuja baada ya jiwe la Sambor kwa kadiri ya miaka 140. Na maadamu watu wa Mekong na watu wa Sumatra, waliotengwa na bahari, walikuwa wakiandika tarehe zao kwa mfumo mmoja katika muda wa miaka michache, ni dhahiri kwamba mfumo huo ulikuwa umekwisha zoeleka kabla ya hapo. Nchi zote mbili zilikuwa zimepokea dini, hati na kalenda kutoka Bara Hindi. Kwa hiyo Coedès alihitimisha kwamba tarakimu zilifika kwa njia hiyo hiyo, na kwamba nadharia ya Kaye haiwezi kusimama.

5. Kwa nini lugha ya wenyeji?

Hapa ndipo mtaalamu wa lugha anapopata la kusema. Kamboja ya karne ya 7 ina maandishi mengi ya Kisanskriti pia, na mengi yana tarehe. Kwa nini basi tarakimu zionekane katika Kikhmer?

Maandishi ya mawe ya Kamboja yaligawana kazi kati ya lugha mbili. Kisanskriti kilitumiwa kwa mashairi ya kuwasifu miungu na wafalme. Kikhmer kilitumiwa kwa nathari ya kuorodhesha mali: watumishi waliotolewa kwa hekalu, mifugo, mashamba na mipaka yake, na siku jambo lilipofanyika. Katika shairi, tarakimu haina mahali, kwa kuwa haina mizani. Mshairi wa Kisanskriti alipotaka kutaja mwaka alitumia maneno ya mafumbo yaliyokubaliwa kuwa na thamani ya namba. Macho yalikuwa mbili, moto ulikuwa tatu, Veda zilikuwa nne, mishale ya mungu wa mapenzi ilikuwa tano, ladha zilikuwa sita, milima ilikuwa saba. Mbingu, anga au utupu vilikuwa sifuri. Maneno hayo yalipangwa kuanzia mamoja kwenda mamia. Hivyo maandishi ya Phnom Bayang yataja mwaka wa ladha, mapacha na mishale: sita, mbili, tano, na kwa kuwa husomwa kuanzia nyuma, ni mwaka 526 wa Saka, sawa na 604 B.K.

Msomaji aliyezoea tenzi za Kiswahili hatashangaa. Watunzi wetu kadhaa waliitaja tarehe ya utungo wao katika beti za mwisho, wakaisema kwa maneno ili ikubaliane na vina na mizani. Ushairi una sheria zake, nao hauwezi kulaumiwa kwa kutotumia tarakimu.

Kaye na waliomfuata walitafuta tarakimu mahali ambapo kanuni za utungaji zilikuwa zimezizuia. Walipozikosa, walidhani hazikuwapo. Kumbe mfumo wa maneno ya mafumbo wenyewe ni shahidi, kwa sababu "ladha, mapacha, mishale" haina maana isipokuwa msomaji aelewe kwamba kila neno lina thamani kwa mahali lilipo. Varahamihira, katika karne ya 6, aliutumia mfumo huo pamoja na maneno yake ya sifuri. Lokavibhaga, kitabu cha Wajaini, huuonyesha mapema zaidi, kwani tarehe iliyomo inalingana na mwaka 458. Lakini vitabu hivyo vimetufikia kwa nakala za baadaye, na mwenye shaka aliweza kusema kwamba mnakili aligeuza. Jiwe halinakiliwi. Karani wa Kikhmer, asiyekuwa na mizani ya kulinda wala mfalme wa kusifu katika mstari ule, aliandika mwaka kwa namna iliyo fupi na nyepesi kuliko zote, na kwa kufanya hivyo akaacha ushahidi ambao mshairi hakuweza kuuacha.

6. Mipaka ya ushahidi

Yapaswa kusemwa pia kile ambacho jiwe la Sambor halithibitishi. Halithibitishi kwamba sifuri ilizaliwa Kamboja. Kuna waliolielekea wazo hilo: Joseph Needham, katika historia yake ya sayansi ya Uchina iliyochapishwa mwaka 1959, alidokeza kwamba huenda sifuri ilitokea pale ustaarabu wa Kihindi ulipokutana na ule wa Kichina. Ni wazo la kufikirika, lakini tarehe ya jiwe ni tarehe ya kuandikwa, wala si ya kubuniwa. Hali ya hewa ya Bara Hindi haihifadhi majani ya mitende yaliyotumiwa kwa hesabu za kila siku, na kinachobaki ni sehemu ndogo ya kilichoandikwa.

Hata jiwe lenyewe lilikaribia kupotea. Vita na utawala wa Khmer Rouge wa miaka 1975 hadi 1979 viliharibu hazina nyingi za Kamboja, na kwa miongo kadhaa hapakuwa na mtaalamu wa nje aliyeweza kusema kwa hakika lilipo. Mwaka 2013 mwandishi wa historia ya hisabati Amir Aczel alilikuta katika ghala la mabaki ya kale karibu na Siem Reap. Baadaye likapelekwa katika Makumbusho ya Taifa ya Phnom Penh.

Mfano wa pili wa kuhitaji subira ni muswada wa Bakhshali, uliochimbuliwa mwaka 1881 karibu na Peshawar na kuhifadhiwa Oxford tangu 1902. Umeandikwa juu ya magome ya mti, na ndani yake nukta ya sifuri imetumika mara nyingi sana. Mwaka 2017 maktaba ya Bodleian ilitangaza matokeo ya vipimo vya kaboni vya vipande vitatu: kimoja cha miaka ya 224 hadi 383, cha pili cha 680 hadi 779, na cha tatu cha 885 hadi 993. Magazeti yakaandika kwamba sifuri ya kale kuliko zote imepatikana. Wanahistoria kadhaa wa hisabati ya Kihindi, akiwamo Kim Plofker, walijibu mwaka huo huo kwamba muswada una dalili za kuwa kazi moja, na kwamba kazi moja haiwezi kuwa ya zamani kuliko gome lake jipya kuliko yote. Kipimo cha kaboni hueleza umri wa gome. Umri wa maandishi ni suala la hati, la lugha na la mpangilio wa maandishi yenyewe. Hadi ubishi huo utakapokwisha, mawe ya Kamboja na Sumatra yabaki kuwa ushahidi wenye tarehe iliyoandikwa na karani mwenyewe.

7. Safari ya neno

Ikiwa jiwe laonyesha njia ya alama, maneno yaonyesha njia ya wazo. Kisanskriti kiliita sifuri śūnya, yaani tupu. Wakhmer walilikopa neno lenyewe, na hadi leo huita sifuri soun. Waarabu hawakulikopa, walilifasiri. Walichagua neno lao ṣifr, lenye maana hiyo hiyo ya kitu kitupu. Kwa maneno mengine, sauti ya śūnya ilikwenda mashariki, na maana yake ikaja magharibi.

Kutoka ṣifr, Leonardo wa Pisa aliandika zephirum katika kitabu chake cha mwaka 1202, na humo ndimo lilimotoka neno zero. Kwa njia nyingine neno hilo hilo likawa cifra, ambalo limezaa chiffre ya Kifaransa na Ziffer ya Kijerumani, yote mawili yakimaanisha tarakimu yoyote. Kiswahili kililipokea ṣifr kwa kanuni zake cha kawaida za kuvunja konsonanti zilizoshikana, kama qabr ilivyokuwa kaburi na siḥr ikawa sihiri. Leo mwanafunzi asemaye amepata ziro, na mwalimu wake aandikaye sifuri, watumia neno moja lililozunguka dunia kwa njia mbili.

Alama nayo ilifika pwani. Miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu hutumia tarakimu ambazo sifuri yake ni nukta, na ndivyo ilivyo pia katika peisa ya shaba ya Sultani Barghash wa Unguja ya mwaka 1304 wa Hijria. Nukta hiyo ni ya ukoo mmoja na ile ya Sambor.

Haifai kudhani kwamba kabla ya hapo wasemaji wa lugha za Kibantu hawakuwa na dhana ya utupu. Kiswahili kilikuwa na mtandatu, mfungate na kenda kabla ya kupokea sita, saba na tisa, na kenda na fungate bado yasikika. Neno la sifuri halikuwapo kwa sababu ahesabuye kwa mdomo huanza na moja. Pasipokuwa na kitu, "hakuna" yatosha. Sifuri ni hitaji la mwandishi kabla ya kuwa hitaji la msemaji.

8. Hitimisho

Historia ya utafutaji wa sifuri yafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kukosekana kwa ushahidi katika aina moja ya maandishi si ushahidi wa kukosekana kwa jambo; lazima kwanza iulizwe aina hiyo ya maandishi iliruhusu nini na ilikataza nini. La pili ni kwamba orodha ya mali iliyoandikwa kwa lugha ya nyumbani yaweza kubeba habari ambayo shairi la sifa, kwa uzuri wake wote, haliwezi kuibeba. Hati za mahari, barua za wafanyabiashara, madaftari ya mazao na ya madeni yaliyoandikwa kwa lugha za Afrika yangali yamekaa katika masanduku, yakingoja wasomaji. Mtaalamu anayeyapita kwa haraka ili afike kwenye tenzi afanya kosa lile lile la Kaye. Kwa miaka arobaini nukta ya Sambor ilikuwa imekwisha onekana na macho ya wataalamu, na hapana aliyeiona, hadi alipotokea mtu aliyekisoma Kikhmer kwa makini kama alivyokisoma Kisanskriti.